Kuandikiana Katika Ushirika, na Kumtafuta Wakili Kabla ya Kufungua Duka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewafungulia waja wake milango ya chumo la halali na akawawekea mipaka wasije wakadhulumiana. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana kwa uaminifu katika biashara kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, nyinyi mliohudhuria hapa msikitini na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na madukani, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakastaajabu kulisikia likitajwa juu ya mimbari. Ni jambo la karatasi, kalamu na wakili. Tunamkusudia yule mtu aliyedunduliza akiba yake kwa miaka kumi, au aliyerejea kutoka Arabuni na fedha ya jasho lake, kisha akapatana na mwenzake wafungue duka, au waagize nguo, au wanunue lori. Wakapeana mikono, wakasoma Fatiha, na kazi ikaanza. Hapana shaka kusoma Fatiha ni kheri. Lakini baada ya Fatiha ilibaki kazi moja, nayo haikufanywa.

Tumekaa katika vikao vya suluhu vya namna hii zaidi ya kimoja, na kuna kimoja tusichokisahau. Watu wawili, marafiki tangu walipokuwa wakisoma chuo pamoja, walifungua duka la vifaa vya ujenzi hapa pwani. Mmoja alitoa fedha nyingi. Mwenzake alitoa kidogo, akaongeza kazi yake ya kila siku. Leseni iliandikwa kwa jina la huyu wa pili, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda ofisini siku ile. Na hesabu ya benki ikafunguliwa kwa jina lake vilevile. Kila mwaka, ilipokaribia Idi, waliketi pamoja wakagawana kilichopatikana, wala hawakuwahi kuteta. Walikwenda hivyo miaka saba. Kisha yule mwenye fedha akafa ghafla, akaacha mjane na watoto wanne.

Ndugu wa marehemu alipokwenda kuuliza, aliambiwa kwamba fedha ile ilikuwa ni mkopo, na kwamba sehemu kubwa yake ilikwisha kurejeshwa. Mjane naye akasema kuwa mumewe siku zote alimwambia kwamba nusu ya duka ni yao. Sisi tuliwasikiliza wote wawili, na hatusemi kwamba yule mshirika alikuwa mwongo. Yamkini hivyo ndivyo alivyofahamu tangu siku ya kwanza, na mwenzake akafahamu vingine, na muda wote ule kila mmoja alipokea fungu lake akiliita kwa jina alilolijua mwenyewe. Hapakuwa na aliyeweza kutoa karatasi hata ya ukubwa wa kiganja.

Watu wakasema, nendeni kwa Kadhi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi, pale ambapo wote walio katika shauri ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Ugomvi wa washirika wa duka haumo. Kadhi anaweza kumpa mjane thumuni yake na watoto mafungu yao katika mali iliyothibitika kuwa ya marehemu. Lakini kwanza mali hiyo ithibitike. Basi wakaenda kwa wakili, miezi mitano baada ya maziko, na neno la kwanza alilowauliza lilikuwa: mkataba uko wapi?

Ndugu zetu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haikuteremshwa katika habari za Peponi wala za Motoni. Ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, na habari yake ni kuandikiana deni. Ndani yake waumini wanaamrishwa waandike wanapokopeshana kwa muda maalumu; mwandishi aandike baina yao kwa uadilifu wala asikatae; yule ambaye haki iko juu yake ndiye atamke yatakayoandikwa, na akiwa dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake atamke badala yake; na mashahidi wawekwe. Tunakatazwa kuchoka kuandika, likiwa deni ni dogo au ni kubwa. Iliyoachiwa ni biashara ya mkono kwa mkono, na hiyo ni rehema, kwani nani angeweza kuandika mkataba kwa kila kilo ya sukari? Ni kweli kwamba wanavyuoni wengi wamesema amri hii ya kuandika ni ya kupendekezwa, si ya faradhi. Lakini tunajiuliza: mtu asiyekubali kuiacha sunna ya kabla ya Adhuhuri, mbona hii anaiacha kwa wepesi namna hii?

Jawabu tunalipata kila siku. Husemwa, sisi ni ndugu, tunaaminiana, nikimwambia tuandikiane ataona namshuku. Tazameni kwamba aya imeanza kwa kuwaita walioamini. Hawakuitwa maadui, wala wezi. Wanaoambiwa waandike ni wale wale wanaoaminiana, kwa sababu asiyemwamini mwenzake hampi mali yake asilani. Na tena, anayeandika leo hamwandikii mwenzake peke yake. Anawaandikia watu ambao hawakuwapo siku ya mapatano, yaani mke, watoto na wadai. Fiqhi inatufundisha kwamba ushirika huvunjika kwa kufa mmoja wa washirika. Kwa hivyo usiku ule ule wa msiba wale mayatima walikuwa tayari na haki katika duka, na hapakuwa na mtu awezaye kusema ni kiasi gani. Na madeni ya marehemu hutolewa kabla ya urithi. Basi hata kama alikuwa na deni dukani, nalo halikujulikana, na shingo yake imebaki imefungwa nalo.

Sasa tumsemee wakili mwenyewe, maana jina lake limeharibiwa na mizaha. Neno wakili ni letu. Katika vitabu vya fiqhi uko mlango mzima wa uwakala, na imepokewa kwamba Sayyidna Ali (r.a.) alimweka ndugu yake Aqil kuwa wakili wake katika mashauri, na baada yake akamweka Abdullahi bin Jaafar. Kumweka mtu ajuaye mahali usipojua si woga wala si ufisadi.

Lakini pana tofauti moja ambayo lazima muifahamu. Mwandishi wa katika aya anaketi baina ya wawili. Wakili wa leo husimama na yule aliyemweka. Mshirika wako akija na wakili, na karatasi ikiwa imekwisha kupigwa chapa, jua kwamba huyo ni wakili wake, hata akikukaribisha kahawa. Muulize waziwazi: wewe unamsimamia nani? Akisema anawasimamia nyote wawili, na aeleze mbele yenu atafanya nini mkihitilafiana. Mtu mwenye kutoa mali nyingi, au mwanamke anayetia fedha yake katika biashara ya jamaa za mumewe, ni bora awe na wakili wake mwenyewe. Na kwa kuwa hati hizi huandikwa kwa Kiingereza, usitie sahihi mpaka usomewe kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, nawe uyarudie kwa maneno yako. Je, si hiyo ndiyo maana ya kuamrishwa kuwa mwenye kubeba haki ndiye atamke? Ukisomewa na hukuelewa, sahihi yako si matamko yako.

Wakili mzuri atakuuliza maswali ambayo rafiki huona haya kuyauliza. Kila mmoja ametoa nini, na kazi ya yule akaaye dukani inahesabiwa vipi? Nani atatia sahihi benki, mmoja au wote wawili? Mmoja akitaka kutoka, atalipwa kwa thamani gani, na kwa muda gani? Akifa je? Akipatwa na maradhi asiweze kusema? Na hapa tunaongeza neno ambalo wakili huenda asilijue, nanyi mmweleze: asiandike kwamba mwenye mtaji atapata kiasi fulani cha fedha kila mwezi, duka lipate au lisipate. Faida iwe ni fungu la kilichopatikana, na hasara iende kwa kadiri ya mali ya kila mmoja. Tumeona hati nzuri sana kisheria zilizoharibika kwa mstari huo mmoja. Mwenye shaka na amwonyeshe mwanachuoni kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

Kuna na jambo la sura ya biashara yenyewe. Wengi hudhani kuwa wakishaandikisha jina la biashara wamekwisha kujenga ukuta. Sivyo. Jina ni jina tu. Deni la duka ni deni lako, na litakufuata mpaka nyumbani kwako. Kampuni iliyoundwa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 ni kitu kingine. Huhesabiwa na sheria kuwa ni mtu mbali, na sheria hiyo inamruhusu hata mtu mmoja peke yake kuiunda. (Dhima ya madeni mbele ya Mola ni mlango mwingine, nao haufungwi kwa kuandikisha kampuni.) Siku hizi kuandikisha ni jambo jepesi katika mtandao wa serikali wa eCitizen, na wepesi huo ndio uliowaponza wengi. Mtu anamwendea kijana wa duka la kompyuta, kijana anajaza hisa kama alivyomjazia mteja wa jana, na wawili waliokubaliana nusu kwa nusu wanatoka pale mmoja akiwa na karibu hisa zote, wasijue hadi siku ya kugombana.

Tujihadhari pia na mawakili wasiokuwa mawakili. Pembezoni mwa mahakama na ofisi hawakosekani watu wa kukutayarishia hati yoyote kwa bei ya chakula cha mchana. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, inamkataza asiyestahiki kuchukua malipo kwa kutayarisha mkataba wa ushirika au hati za kuunda kampuni, na inamtaka atayarishaye hati kama hizo aandike juu yake jina na anwani yake. Karatasi isiyotaja nani aliyeitayarisha, iulizeni. Wakili wa kweli huwa na cheti cha kufanya kazi kinachotolewa upya kila mwaka, na Chama cha Mawakili wa Kenya huweza kukuambia kama anacho. Si utovu wa adabu kuuliza.

Na msisahau hati ya pango. Mfanyabiashara hulipa fedha ya kilemba, hupaka rangi, huweka rafu, kisha baada ya mwaka mmoja akakuta kufuli jipya mlangoni. Wengi huondoka wakilia, kwa kuwa hawakuwa na karatasi, wakidhani hawana haki. Kumbe Sheria ya Sura ya 301 inamlinda mpangaji wa duka au hoteli ambaye hakuandikiana, au ameandikiana kwa muda usiozidi miaka mitano: mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa wala kumwongezea kodi ila kwa ilani ya namna maalumu, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza la mashauri ya pango la biashara. Mambo haya wakili angekwambia kwa kikao kimoja. Aliyefungiwa duka hakuyajua, na huenda mwenye nyumba aliyajua.

Mtasema, wakili ni ghali, na sisi mtaji wetu ni mdogo. Tunakubali. Lakini hakuna aliyewaambia mumweke kwa mwaka mzima. Andikeni wenyewe kwanza kwa Kiswahili chenu, nyote wawili, yale mliyopatana. Halafu mpelekeeni ayapange na azibe matundu. Na ujira ujulikane kabla ya kazi, uandikwe, kwani ujira usiojulikana ndio unaozaa ugomvi baina ya mtu na wakili wake, na fiqhi haiukubali. Wenye madai yasiyozidi shilingi milioni 1 wanayo sasa Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambapo mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Hata huko, utakayoulizwa ni ushahidi.

Wale mayatima tuliowataja walipata kitu mwishoni. Baada ya vikao vinne yule mshirika alikubali kutoa kiasi fulani, na mjane akakipokea kwa sababu karo za skuli zilikuwa zimefika na hakuwa na nguvu ya kuendelea. Kama kilikuwa ni haki yao, au pungufu yake, au zaidi, hakuna kati yetu ajuaye hadi leo. Nyumba zile mbili zimo katika mtaa mmoja. Watoto walikuwa wakila katika sinia moja, na sasa hawaamkiani.

Wako miongoni mwenu, na tunawajua baadhi yenu kwa sura, ambao maduka yenu yamekwisha kufunguliwa kwa mapatano ya mdomo. Mshirika wako yu hai, na pengine ameketi safu ya nyuma yako. Mkitoka hapa mkamateni mkono, muketi leo kabla ya Magharibi, muandike yale mnayoyakumbuka wakati bado mnayakumbuka kwa namna moja, na Jumatatu muyapeleke kwa wakili.

Tumesema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote.