Roketi Iliruka Kwetu, Ilimu Ilikuwa ya Wengine



Leo nataka tuzungumze kuhusu fizikia. Najua wengine mushaanza kuguna. Nisikizeni kwanza.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyoundwa mahsusi kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo haziwezi kupenya hewa ya dunia, kwa hivyo lazima chombo kitoke nje. Vipimo vyake vilisaidia kutambua shimo jeusi la Cygnus X-1. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa nini walikuja Ngomeni? Kwa sababu kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo wa bure. Mwenyezi Mungu ametuweka sisi hapo. Lakini walioutumia msukumo huo walikuwa wageni waliosoma fizikia.

Sasa nawauliza: wangapi kati yetu waliacha fizikia kidato cha tatu kwa sababu mtu alisema ni ngumu? Wangapi ni wasichana walioambiwa hilo ni somo la wavulana? Shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia imemfungia mtoto mlango kabla hajaufikia. Hiyo pia ni haki ya kudai, wala tusione haya kuidai.

Nisiwadanganye. Ukidhani chuo kikuu utakesha ukitazama nyota kwa darubini, pole. Kazi kubwa ni hesabu: mwendo, umeme, joto, mwanga, na kuandika programu za kompyuta. Utafeli majaribio, utarudia. Lakini ukitoka hapo unaweza kwenda kwenye hali ya hewa, setilaiti, au hospitali, kwenye mashine za mionzi ya kutibu saratani.

Na kuna jambo linalotuhusu sana. Kila Ramadhani tunazozana juu ya mwezi. Mimi sitoi fatwa, hiyo ni kazi ya masheikh. Lakini mtu wa falaki anaweza kukwambia mapema mwezi unazaliwa dakika gani, na kama jioni ile utatua kabla ya jua. Ukitua kabla, hakuna jicho litakalouona baada ya magharibi. Je, si vizuri sheikh awe na kijana wake wa kumuuliza, badala ya sisi kurushiana maneno kwenye simu?

Wala ilimu hii si ngeni kwetu. Aldebaran ni Kiarabu, al-dabaran, yaani mfuataji, kwa sababu nyota hiyo huifuata Kilimia. Rigel ni rijl, mguu. Wazee wetu wa jahazi walisafiri kwa nyota hizo hizo.

Njia ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia, na vyuo vingine vingi vina fizikia. Alama ya chini ya kuingia shahada ni C+, lakini fizikia na hesabu zako lazima ziwe imara. Mwaka 2018 chuo hicho hicho, kwa ushirikiano na Waitaliano na Wajapani, kilipeleka angani setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Ni kidogo, lakini safari hii na sisi tulikuwa ndani.

Kwa hivyo wewe uliye shule, usiiache fizikia kwa uoga. Wewe uliyemaliza, kaa na mdogo wako jioni mufanye hesabu pamoja. Roketi nyingine ikiruka Ngomeni, tusiwe watazamaji tena.

Wabillahi tawfiq.