Penye Nyota Hafifu

  Mazungumzo yetu ya leo yanahusu mchezo wa kompyuta. Tunajua wazee wengine wameshanyosha mkono waizime redio. Tunawasihi mngoje kidogo, maana sisi pia tulikuwa upande wenu mpaka juzi juzi.

Nyumbani kwetu kuna kijana. Alimaliza chuo yapata miaka miwili sasa, na barua za kuomba kazi amezipeleka hata tukaacha kuzihesabu. Mchana hutusaidia dukani. Usiku hufunga mlango wake, nasi tukipita ukumbini tunaona mwanga wa kompyuta chini ya mlango mpaka saa nane, saa tisa. Tulinung'unika juu ya stima. Tulinung'unika juu ya bando. Jioni moja mmoja wetu alisema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mtu mzima hawezi kuishi kwa kucheza. Kijana hakujibu. Alifunga mlango polepole, na jambo hilo lilituudhi kuliko kama angeubamiza.

Mchezo wenyewe unaitwa Elite Dangerous. Ulitolewa Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza. Babu yake ni mchezo ulioitwa Elite, ambao vijana wawili wa chuo kikuu huko huko Cambridge, David Braben na Ian Bell, waliutoa mwaka 1984, wakati kompyuta ya nyumbani ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuwekea habari. Katika huu mpya mchezaji hupewa chombo cha angani, na mbele yake huwekwa galaksi yetu nzima, ule ukanda mweupe tunaouona usiku usio na mwezi. Wameipanga kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Nyota nyingi zilizo karibu nasi zimenakiliwa kutoka katika orodha za wataalamu, na zile za mbali zimewekwa na kompyuta kwa kufuata kanuni za sayansi. Watu wamesafiri humo zaidi ya miaka 10, na hata sehemu moja katika mia haijafikiwa.

Wengine humo hupigana, wengine hufanya biashara. Kijana wetu hutafuta. Anatafuta sayari iliyo kama dunia yetu, yenye bahari, mawingu na hewa ya kuvuta. Sayari za namna hiyo ni chache sana. Chombo kikifika kwenye nyota mpya, msafiri hubonyeza kitufe na kutoa mlio mkubwa ambao wachezaji huuita honi. (Tulipousikia mara ya kwanza tulidhani ni matatu imesimama mlangoni.) Kisha kwenye kioo hutokea mstari wenye vilima vidogo vidogo, na kila aina ya sayari ina mahali pake katika mstari huo. Aliyezoea hutazama mara moja tu akajua kama hapa pana mawe na barafu peke yake. Mara nyingi ni mawe na barafu. Hupiga honi, hutazama, huondoka. Tena na tena, usiku kucha.

Sasa, watafutaji wengi huiambia ramani iwaonyeshe nyota zilizo kama jua letu, kwa kuwa huko ndiko dunia hizi hupatikana zaidi. Kijana wetu alifanya kinyume. Aliiambia ramani izifiche nyota zote nzuri, imwachie zile hafifu tu. Tulipomwuliza sababu, alijibu, "Kwa sababu kule hakuna aliyepita."

Wapendwa, kabla ya kuendelea yafaa tuseme kidogo juu ya nyota hafifu, maana hili si la mchezo peke yake. Katika kila nyota 4 za galaksi yetu, karibu 3 ni nyota ndogo nyekundu, zenye mwanga haba. Hata hivyo, katika hizo zote hakuna hata moja ambayo jicho la mtu laweza kuiona bila chombo. Jioni ya mwezi wa Mei au Juni, tokeni nje mtazame kusini. Mtaiona misalaba ya nyota nne, na kushoto kwake nyota mbili zenye mwanga mkali. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba huitwa Alpha Centauri. Mwaka 1915, huko Johannesburg, mtaalamu wa nyota aitwaye Robert Innes aligundua kwamba Alpha Centauri ina mwenzake mdogo, mwekundu, ambaye hakuna aliyekuwa amemjali. Siku hizi huitwa Proxima. Baada ya jua letu, hakuna nyota nyingine inayojulikana iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Nuru yake hutufikia kwa miaka 4 na kidogo. Jirani wa kwanza kabisa, na vizazi vyote vya wanadamu vililala chini yake bila kumwona! Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba Proxima ina sayari, nayo huizunguka kwa siku 11 hivi.

Zipo nyota zilizo hafifu kuliko hizo nyekundu. Huitwa vibete vya kahawia. Hizo ni kama jiko ambalo makaa yake hayakushika moto sawasawa: lina joto, lakini huwezi kulipikia. Na hapa ndipo hatari ya safari ya kijana wetu ilipokuwa. Katika mchezo huu chombo hujaza mafuta kwa kupita karibu na nyota na kuchota gesi yake. Nyota kama jua hukupa mafuta. Nyota nyekundu ndogo nazo hukupa. Kibete cha kahawia hakikupi hata tone.

Usiku mmoja wa Jumamosi, yapata saa saba, mlango ulifunguliwa, naye akatuita. Hajatuita usiku tangu alipokuwa mtoto mwenye homa. Tukaenda wote wawili. Chombo chake kilikuwa kimeingia mahali penye vibete vya kahawia tupu, kimoja baada ya kingine. Kila aliporuka alitumaini kwamba nyota inayofuata itakuwa nyekundu, na kila mara ilikuwa ile ile ya zambarau iliyokolea, kama kaa linalozimika. Mwishowe mafuta ya kuruka yakawa hayatoshi. Katika mfumo huo palikuwa na nyota ya pili, nyekundu, lakini mbali sana, naye akajaribu kuifikia kwa mafuta yaliyosalia. Yakaisha katikati ya njia. Taa za chombo zikazimika, na kwenye kioo zikaanza kuhesabiwa dakika za hewa.

Mtasema, si mchezo tu? Nasi tulisema hivyo. Basi akatueleza. Katika mchezo huu mtu hulipwa kwa habari anazozirudisha kituoni. Chombo kikiharibika kabla hajafika, yote aliyoyaona hupotea, nayo huhesabiwa kama hayakuonwa kamwe. Alikuwa hajarudi kituoni kwa majuma 7. Mamia ya nyota ambazo hakuna mchezaji mwingine aliyezifikia yalikuwa ndani ya chombo hicho na si mahali pengine popote. Alitazama zile dakika, nasi tukautazama uso wake, na tunakiri kwamba tulikuwa hatujautazama vizuri kwa muda mrefu.

Tukamwuliza kama hakuna wa kumsaidia. Akanyamaza. Kisha akasema wapo, ila hapendi kuomba.

Hao anaowataja ni wachezaji waliojiunga tangu mwaka 2015, wanajiita Fuel Rats, yaani Panya wa Mafuta. Kazi yao ndani ya mchezo ni moja tu: kuwapelekea mafuta waliokwama. Hawadai malipo yoyote. Mtu huwaandikia, nao huangalia ni nani kati yao aliye karibu, hata kama ukaribu huo ni safari ya saa kadhaa. Jambo la kwanza wanalouliza ni kama umeshaanza kutumia hewa ya akiba. Kama umeanza, wanakuambia ufunge mchezo saa hiyo hiyo, maana ukiufunga zile dakika hazihesabiwi, kisha ungoje mpaka wakuambie ufungue.

"Waandikie," tulisema. Akafunga mchezo, akawaandikia.

Hawakumwuliza kwa nini alikwenda mahali kama hapo. Hawakumwambia kwamba angepaswa kuitazama ramani yake vizuri, neno ambalo, kusema kweli, lilikuwa tayari limetufika ulimini. Walimwuliza alipo, na kama ana hewa. Kisha mmoja wao, hatujui ni wa nchi gani, akaanza kuja.

Ilitubidi kungoja zaidi ya saa mbili. Tulichemsha chai. Na katika kungoja huko, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, kijana alianza kuzungumza.

Alitueleza kwa nini wataalamu wenyewe, si wachezaji, huzitafuta sayari kwenye nyota hafifu. Alizima taa ya umeme, akawasha tochi ya simu yetu kubwa, akapitisha ncha ya kalamu mbele yake. Hatukuona tofauti yoyote ukutani. Kisha akatwambia tufikirie koroboi, na nondo akipita mbele ya utambi. Hapo hata mzee asiyeona vizuri atajua kwamba kitu kimepita. Ndivyo ilivyo mbinguni, alisema. Sayari yenye ukubwa wa dunia ikipita mbele ya jua, huzuia sehemu ndogo kuliko 1 katika 10,000 ya mwanga wake. Ikipita mbele ya nyota iliyo ndogo sana, huweza kuzuia karibu sehemu 1 katika 100. Kitu kidogo huonekana kwa urahisi zaidi penye taa ndogo. Tulimkumbuka yule mama wa kwenye mfano aliyepoteza sarafu moja katika kumi, jinsi alivyowasha taa na kufagia nyumba. Hatukulisema, lakini tulimkumbuka.

Kwa njia hiyo Michaël Gillon na wenzake wa Liège, Ubelgiji, walipata walichokitafuta. Darubini yao ilikuwa ndogo, kioo chake sentimita 60 tu, huko La Silla, nchini Chile. Wana nyingine kama hiyo milimani Moroko. Waliielekeza kwenye nyota hafifu isiyozidi sana ukubwa wa sayari ya Mshtarii, umbali wa miaka 40 hivi kwa mwendo wa nuru. Mei 2016 walitangaza sayari 3. Februari 2017, baada ya kusaidiwa na darubini nyingine, wakatangaza kwamba ziko 7, zote za ukubwa unaokaribia wa dunia, zimesongamana karibu na moto wao mdogo kama watoto usiku wa baridi. Nyota hiyo huitwa TRAPPIST-1. Mwaka huo huo waliotengeneza mchezo waliiingiza, na kijana wetu alikwenda kuiona.

"Na kuna hewa huko?" tuliuliza.

Akasema kwenye mchezo utapata jibu kwa kubonyeza kitufe, lakini huko kwenyewe si hivyo. Mwaka 2023 wataalamu wanaotumia darubini ya James Webb walieleza kwamba sayari ya kwanza, iliyo karibu zaidi na nyota, haikuonyesha dalili ya hewa, na kwamba ya pili haina hewa nzito ya namna waliyoitafuta. Wanaendelea na nyingine. Alisema hivyo bila huzuni. Kisha, bila kubadili sauti, akasema kwamba katika barua zake zote za kazi, waliomjibu ni wawili, na kwamba kwenye mchezo angalau honi ukipiga unapata jibu, hata likiwa la mawe na barafu.

Hatukuwa na la kusema. Mmoja wetu akamwongezea chai.

Saa kumi kasoro aliambiwa afungue. Akafungua, na pale gizani palikuwa na taa za chombo kingine. Mafuta yakahamishwa kwa vyombo vidogo vidogo visivyo na rubani, taa zake zikawaka, na yule mgeni akaaga na kuondoka hata kabla kijana hajamaliza kuandika ahsante.

Tulidhani atarudi kituoni moja kwa moja. Hakurudi. Alipita kwanza kwenye ile nyota nyekundu kujaza tangi, akaendelea na nyota zake hafifu, ila sasa kila miruko michache alihakikisha ipo ya kuchota mafuta.

Siku 9 baadaye tuliamka tukakuta mlango wake wazi na kompyuta inawaka, naye amelala juu ya kitanda na viatu vyake. Kwenye kioo palikuwa na tufe la buluu lenye mawingu, na pembeni yake nyota ndogo, nyekundu kama kaa. Tulisimama tukilitazama. Alipoamka tulimwuliza kama ndiyo hiyo. Akasema ndiyo.

"Jina lako limeandikwa?"

"Bado. Mpaka nirudi kituoni."

"Na kurudi ni siku ngapi?"

Akapiga hesabu. Kwa usiku tu, siku 4, labda 5. Akataja pia kwamba bando lilikuwa linaisha leo.

Tulimnunulia la wiki nzima.