Tukuyu Stars, Mabingwa wa 1986

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima la Itaka, somo mlilolisikia redioni ndilo hili. Sasa liko mbele yenu kwa maandishi. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Penye nambari, simameni kidogo, mziandike katika daftari.

Leo tunasoma habari za timu ndogo ya mpira wa miguu. Labda mama mmoja hapo nyuma atasema, "Mpira ni mambo ya vijana. Mimi nina kahawa ya kuchuma." Mama, subiri kidogo. Habari hii ni ya mpira, lakini ni ya daftari vilevile. Mwisho wake utaigusa hata fedha yako ya kahawa.

MJI WA TUKUYU

Ukitoka Itaka, ukafika barabara kuu itokayo Tunduma, ushike njia ya Mbeya. Pita mjini Mbeya, uende mpaka Uyole. Hapo njia hugawanyika. Ile ya kulia hukupeleka kusini, Tukuyu na Kyela. Tukuyu ni mji mdogo wa wilaya ya Rungwe. Mvua yake ni nyingi, na vilima vyake vimejaa migomba na chai.

Siku hizi Itaka iko mkoa wa Songwe na Tukuyu iko mkoa wa Mbeya. Lakini mkoa wa Songwe ulianza mwaka 2016. Kabla ya hapo Mbozi na Rungwe zote zilikuwa katika mkoa wa Mbeya. Basi timu tunayoisoma leo ilikuwa timu ya mkoa wenu. Wazee wa Itaka, hii ni habari yenu pia.

MIJI MIKUBWA NA TIMU KUBWA

Timu ya Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Simba ilianzishwa hapo hapo mwaka 1936. Zamani iliitwa Sunderland, na jina la Simba ililipata mwaka 1971.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Tangu mwaka huo mpaka 1985 ni misimu 21. Sasa angalieni. Katika misimu hiyo 21, ubingwa ulibaki Dar es Salaam mara 20. Mara moja tu ulitoka nje, mwaka 1975, ulipochukuliwa na Mseto ya Morogoro.

Ukawadia mwaka 1986. Tukuyu Stars walikuwa wamepanda tu kuingia katika ligi kubwa. Mgeni akiingia nyumbani kwa watu hukaa karibu na mlango. Tukuyu hawakukaa mlangoni. Mwaka ule ule wa kwanza walichukua ubingwa wa Tanzania Bara, mbele ya Yanga na mbele ya Simba.

Wakati ule Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Watu waliufuata mpira kwa redio na kwa magazeti. Aliyejua kusoma aliweza kuona mwenyewe gazetini jina la Tukuyu limeandikwa juu ya majina yote. Asiyejua alimngoja wa kumsomea.

JAMBO GUMU DUNIANI KOTE

Msidhani jambo hili ni gumu hapa kwetu tu. Chukueni nchi ya Ureno, huko Ulaya. Timu zake kubwa ni tatu: Benfica na Sporting za mji wa Lisbon, na Porto ya mji wa Porto. Kwa zaidi ya miaka 80, timu mbili tu nje ya hizo tatu zimepata ubingwa wa ligi ya nchi ile: Belenenses mwaka 1946, na Boavista mwaka 2001. Na Boavista, miaka saba tu baada ya ubingwa wake, yaani mwaka 2008, ilishushwa daraja. Ilirudi ligi kubwa mwaka 2014.

Na Tukuyu Stars je? Ubingwa wa pili haukuja. Timu ilishuka daraja, na kwa miaka mingi sasa haimo katika Ligi Kuu. Mwaka 1988 ubingwa ulitoka tena Dar es Salaam, lakini ulikwenda Tanga, kwa Coastal Union.

KUSHINDA NA KUDUMU

Ndugu zangu, hapa ndipo penye somo. Kushinda ni kazi moja, na kudumu ni kazi nyingine.

Timu ndogo ikishinda, gharama zake huongezeka. Kutoka Tukuyu mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800. Wachezaji wanataka nauli, chakula na mahali pa kulala. Mchezaji akiwa hodari, timu tajiri humwita, naye huenda. Mfadhili mmoja akichoka, timu nzima huchoka.

Timu nyingine zilitafuta nguzo. Mtibwa Sugar ya Turiani ilisimama juu ya kiwanda cha sukari, ikawa bingwa mwaka 1999 na 2000. Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji la Mbeya mwaka 2011. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikawa ya tatu.

Lakini kijiji hakina kiwanda, wala si jiji. Nguzo ya timu ya kijiji ni wanachama wake, na nguzo ya wanachama ni daftari lao. Tufanye hesabu.

Tuseme timu ya kijiji ina safari ya watu 22. Nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi ni shilingi 6,000. Jumla ni shilingi 132,000. Wanachama ni 30, na kila mmoja hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa miezi miwili watapata shilingi 120,000. Zimepungua shilingi 12,000. Aliyeandika atajua mapema, naye ataitisha mkutano kabla ya safari. Asiyeandika atajua siku gari limesimama uwanjani na dereva anadai fedha yake.

Tena, fedha isiyoandikwa huleta ugomvi. Huyu atasema, "Nilitoa." Yule atasema, "Sikuona." Chama huvunjika, na vijana hawajapiga mpira hata mara moja.

Ni hivyo hivyo kwa fedha ya kahawa, mama. Ukipima kahawa yako, isome stakabadhi mwenyewe: kilo ngapi, bei gani, jumla ngapi. Usiweke kidole gumba mahali ambapo waweza kuweka jina lako.

Watu wa Tukuyu walionyesha kwamba mji mdogo waweza kuishinda miji mikubwa. Jambo hilo halifutiki, kwa sababu limeandikwa: mwaka 1986, bingwa ni Tukuyu Stars. Miguu hushinda mchezo, lakini kalamu ndiyo hutunza chama.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bingwa: mtu au timu iliyowashinda wengine wote.
Kushuka daraja: kutoka ligi ya juu na kwenda ligi ya chini.
Mfadhili: mtu anayetoa fedha yake kusaidia kazi ya wengine.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kitu kilichopokelewa au kulipwa.

MASWALI

1. Tukuyu Stars walikuwa mabingwa mwaka gani?
2. Toka 1965 mpaka 1985, timu gani ya nje ya Dar es Salaam ilipata ubingwa?
3. Wanachama 45 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja, jumla ni ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni chama gani kina daftari la fedha? Nani hulisoma mbele ya watu?

Swali la nne lijadilini wote pamoja kabla ya kwenda nyumbani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.