Kadhi na Jirani Yake



Nimetakiwa ninene juu ya namna watu wa dini mbalimbali wakaao mtaa mmoja wawezavyo kuufahamu Uislamu; na kwa kuwa tumekutana Mombasa, nimeona heri niianze habari hii kwa kadhi wa mji huu, maana kazi ya kumweleza jirani dini ya Waislamu imemwangukia yeye zaidi ya tudhanivyo.

Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alipofika hapa mwaka 1844 akiwa na azma ya kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, hakuwa na Mkristo wa kumwendea aliyeijua lugha barabara. Alimwendea Sheikh Ali bin Muhidini, kadhi wa Mombasa, naye Sheikh, ambaye habari za Nabii Ibrahimu na Nabii Yusufu hazikuwa ngeni kwake hata kidogo, akaridhia kumsaidia. Hapana aliyebadili dini kwa ajili ya kazi ile. Nami naiona kuwa somo kubwa kuliko mijadala mingi ya hadhara tuliyoizoea, ambamo kila upande huja na waumini wake wa kushangilia.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1923 Padri Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA ya Unguja, alitoa Kurani kwa Kiswahili, kazi ya bidii nisiyoidharau. Lakini maelezo aliyoyaambatisha yalikusudiwa kuwapa Wakristo silaha za mjadala, hata msomaji wake akawa kama hakimu aliyemsikiliza mdai peke yake. Waahmadiya walitoa tafsiri yao mwaka 1953. Na mwaka 1969 Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, naye wakati huo Kadhi Mkuu wa Kenya, akaitoa Qurani Takatifu, ambayo Mkristo asiyejua Kiarabu aweza kuisoma pamoja na sherehe ya mwanachuoni wa Kisunni wa pwani hii hii.

Je, tumeisoma? Nina shaka. Mwaka 2010, rasimu ya Katiba ya Kenya ilipopelekwa kwa wananchi, viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na mahakama za kadhi zilikuwa miongoni mwa sababu zao. Hoja ya kwamba dola isiipendelee dini moja ilistahili kusikilizwa kwa adabu. Lakini wapo waliohofu kwamba Mkristo atapelekwa mbele ya kadhi, na hofu hiyo haikuwa na msingi. Ibara ya 170 yasema wazi kuwa kadhi huamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali hukumu yake. Na mahakama hizo zilikuwamo katika Katiba ya uhuru ya 1963. Jirani mmoja angaliulizwa, hofu ingalikwisha.

Nawaomba basi, enyi mapadri na wachungaji: mkiandaa darasa juu ya Uislamu, mwiteni sheikh wa mtaa wenu alisomeshe mwenyewe, wala msimwekee dakika tano za mwisho, nanyi masheikh, mkiitwa nendeni, na siku mtakayotaka kuwaeleza vijana wenu Ukristo, mwiteni padri.