Mwezi, Maji na Mtoto

Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mstaafu wa skuli ya maandalizi mbele ya waumini na majirani, katika sherehe ya maadhimisho ya hekalu

 

Nakushukuruni kwa kunialika. Mimi si muumini wa hekalu hili. Ni jirani yake. Kengele yenu ya jioni naisikia tangu udogo wangu, nanyi mwaisikia adhana yetu, na sahani za Diwali na za Idi zimepita mlango hata mlango kwa miaka mingi. Leo nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya maisha yangu, yaani kuwafundisha watoto wadogo. Katika kazi hiyo nimechagua jambo moja: kumtoa mtoto nje ya chumba, ajifunze kwa macho yake, mikono yake na miguu yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita niliwachukua watoto wa miaka mitano na sita, tukapanda gari hadi Jambiani ili niwaonyeshe viumbe wa pwani. Nilitayarisha kila kitu: maji ya kunywa, kofia, mikate, hata nyimbo. Tulifika saa nne asubuhi, tukakuta maji yamejaa, yamefunika mwamba wote. Hapakuwa na kidimbwi wala kaa. Bibi mmoja aliyekuwa akisokota kamba za makumbi alinitazama kwa huruma, akaniuliza: “Mwalimu, kwani jana usiku hukuutazama mwezi?” Kwa kweli sikuutazama. Cheti cha ualimu nilikuwa nacho. Elimu ya mahali nilipokuwa ninakwenda sikuwa nayo.

Aliyonifundisha bibi yule asubuhi ile hata mtoto wa miaka mitano huyafahamu. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa mchana na usiku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, ikawa bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa Unguja tofauti yake hufikia kiasi cha mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo miwili hupunguzana, yakawa maji mafu. Katika kisiwa chetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa yapata saa nne na saa tano asubuhi. Akina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, hupanga kazi yao kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa tazameni kalenda zetu. Diwali huja usiku wa giza, Amavasya, mwezi usipoonekana. Holi huja siku ya Purnima, mwezi ukiwa mpevu. Idi el Fitri huja kwa kuandama mwezi, na nusu ya Shaabani huja ukiwa mpevu. Basi sikukuu hizo zote nne, zenu na zetu, huangukia karibu na bamvua. Mabaharia wa Kachi na Gujarati, ambao wenzao waliwaleta wazee wenu hapa kwa pepo za kaskazi, huitolea bahari nazi siku ya Purnima ya mwezi wa Shravan, msimu wa safari unapokaribia. Wazee wetu sote waliishi kwa mwezi. Wengi wa watoto wetu leo wanaujua kwa picha iliyobandikwa ukutani mwa darasa.

Msidhani kwamba ni lazima kwenda mbali. Kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Palipobanduka chokaa, mpelekeni mtoto apapase; ataziona alama za viumbe wa bahari ya zamani sana. Muulizeni: jiwe hili lilikuwa wapi kabla ya kuwa nyumba yetu? Msimjibu upesi. Tulasi iliyomo uani mwenu na mrehani wa vikuba vyetu ni ndugu wa jamii moja. Mpeni mtoto majani mawili, afumbe macho, anuse, atofautishe. Hata kunguru huyu mwenye makelele, aliyeletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye sasa huvamia viota vya ndege wengine, ni somo la kutosha asubuhi nzima juu ya paa.

Akishazoea ya karibu, ndipo apelekwe ya mbali. Jozani, iliyo hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, atamwona kima punju, mnyama wa Zanzibar asiyepatikana penginepo duniani. Huko huko Pete atapita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko, aone mbegu ya mkoko ikichipua ingali juu ya mti, kisha ikaanguka na kujichomeka matopeni kama mkuki. Kisiwa cha Chumbe, chenye mnara wa taa wa mwaka 1904, hupokea watoto wa skuli na kuwaonyesha matumbawe yaliyo hai. Mtoto aliyepapasa tumbawe lililokufa ukutani kwao atayatazama yale kwa jicho jingine, na ataelewa kwa nini hayakanyagwi.

Najua mtakayoniuliza. Wapo wasemao kwamba mtoto hana nafasi: asubuhi skuli, alasiri chuo au masomo ya lugha ya wazazi, jioni masomo ya ziada. Wapo wanaoiogopa bahari. Hofu hiyo ni ya haki, nami sitaidharau. Lakini mtoto wa kisiwani atafika pwani siku moja, kwa ruhusa yetu au kwa kutoroka. Asiyejua saa ya maji kujaa ndiye aliye hatarini zaidi, na aliyemfundisha mapema ndiye aliyemlinda.

Lipo jambo jingine, nalisema kwa upendo. Jamii ya Kihindu ya mji huu si kubwa kama ilivyokuwa zamani. Watoto wa hekalu peke yao hawatoshi hata kufanya duara la mchezo. Na watoto wetu, ambao ni wengi, hucheza mlangoni mwenu bila kujua majina ya wenzao waliomo ndani. Huenda kesho wengine wakahamia Dar es Salaam, wengine London. Watachukua nini cha Unguja pamoja nao, ikiwa hatukuwapa sisi?

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Mara mbili kila mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, tuwachukue pamoja watoto wa miaka minne hadi minane tuwapeleke ufukweni Shangani. Kila mtoto awe na mtu mzima wa kumshika mkono. Avae viatu, achukue kofia na maji. Asiokote kilicho hai. Akikuta kaa mdogo aliyehamia katika kombe la mwingine, amtazame, amrudishe palipo pake. Na usiku wa kuamkia safari, kila mzazi ampandishe mwanawe juu ya paa, wautazame mwezi kwa pamoja.

Samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilikunjwa nikiwa nimeshakauka, na bibi wa Jambiani, Mungu amrehemu, hakunicheka. Niko tayari kutangulia na kundi la kwanza bamvua ijayo.

 Hekalu lenu lidumu, na ujirani wetu udumu.