Kuuliza Kabla ya Kuhesabu

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za uchunguzi: si ule wa askari amtafutaye mwizi, bali ule wa mtu atafutaye maarifa kwa kuuliza, kupima na kuhesabu. Sisi walimu twaufundisha chuoni, na wanafunzi wetu hudhani kazi hii huanza kwa karatasi na kalamu. Sivyo. Huanza kwa swali, na swali likiwa bovu, hesabu nzuri hailiponyi.

Tazameni yaliyotokea Hanang. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, hata yakafikia kadiri ya eka 100,000. Swali lililopewa nguvu lilikuwa hili: Je, nchi hii yaweza kuzaa ngano? Jibu lilikuwa la kweli: yaweza. Lakini nchi ile ilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao huhamisha ng'ombe kwa majira. Na mgeni apitaye siku mifugo iko kwingine hudhani nchi haina mwenyewe. Hata makaburi ya wazee, yale ya kilima cha udongo yaitwayo bung'eda, yalipitiwa na plau. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Walishinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Katika miaka hiyo ya 1980 mchunguzi Charles Lane alikaa na wafugaji hao, akachunguza walivyoyatumia malisho yao na hasara waliyoipata. Swali hilo lingalifaa kuulizwa kabla ya trekta kufika.

Basi tuseme mwanafunzi ataka kujua kama ng'ombe wa Getanuwas wamepungua. Akienda kwenye maboma ya kando ya barabara tu, amepata habari za barabara. Yampasa kuandika orodha ya kaya zote, achague kwa kura, kisha aende masika na arudi kiangazi. Asiulize, "Ng'ombe wenu wamekufa kwa ukame, sivyo?" kwa kuwa watu wenye adabu humkubalia mgeni. Wala asiwaulize wanaume peke yao. George Klima, aliyeandika habari za Wabarabaig, alieleza kwamba wanawake wao wana baraza lao wenyewe, nalo laweza kumtoza mwanamume faini ya mfugo!

Tena mfugaji akitaja idadi ya ng'ombe wake ametaja mali yake yote. Aweza kuogopa kodi. Aweza kuogopa wezi. Kwa hiyo aambiwe kwanza habari hizo ni za kazi gani na nani atazisoma, naye awe huru kukataa pasipo kuchukiwa. Jina lake lisiandikwe penye hesabu yake. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti. Lakini kibali cha Serikali, hata na ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, si ruhusa ya mwenye boma.

Na karatasi zikiisha kujaa, mwanafunzi huyo arudi Getanuwas, awasomee wazee na akina mama aliyoyaandika, kwa Kidatooga ikibidi, wapate kumwambia, "Mwanetu, hapa umekosea."