Hofu ya Akeri: Mabadiliko na Uzima Mpya Chini ya Mlima Meru



Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896, pale Akeri, wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwaua wamisionari wawili wa Shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na Wachaga waliofuatana nao kutoka Kilimanjaro. Wengi wetu tumelelewa na kisa hicho kama kisa cha giza lililoikataa nuru. Jioni hii naomba tukisome upya, tukiwa upande wa walioogopa.

Jaribu kukaa mahali pa mzee wa Kimeru siku ile. Wageni wawili wanatafuta mahali pa kujenga. Karibu nao amepiga kambi Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani na askari wenye bunduki. Nani angemweleza mzee yule kwamba hawa ni watu wa Injili, wale ni watu wa serikali, na mambo hayo mawili ni tofauti? Wamekuja kwa njia moja na lugha yao ni moja. Mauaji ni mauaji, siyatetei. Lakini hofu iliyoyazaa haikuwa ya kijinga. Johannes alilipiza kisasi kwa moto na kwa kuswaga ng'ombe. Mwaka 1900 viongozi wa Meru na Arusha walinyongwa Old Moshi pamoja na Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, na boma la Wajerumani likasimama Arusha. Walichokiogopa kiliwafika.

Ndiyo maana sikubaliani na mahubiri yanayoifanya hofu ya mabadiliko kuwa dhambi ya kukemewa. Mara nyingi hofu ni hesabu. Mtu anahesabu atakachopoteza, na kwa kawaida hesabu yake ni sahihi kuliko ya mhubiri, kwa sababu mali inayohesabiwa ni yake. Wana wa Israeli waliokumbuka matango na vitunguu vya Misri tunawacheka kila tunapofika kwenye Hesabu sura ya 11, lakini walikuwa wanasema kweli: jangwani vitunguu havikuwepo.

Nikodemo naye alikuwa na hesabu yake. Alikuwa mzee mwenye kiti katika baraza na jina mjini, ndiyo maana alikwenda kwa Yesu usiku. Akaelezwa habari ya kuzaliwa mara ya pili, akauliza mtu awezaje kuzaliwa akiwa mzee, swali ambalo wengi hulichukulia kuwa la mtu asiyeelewa. Mimi naona alielewa vizuri mno, na ndipo alipoogopa. Tazama basi jinsi Yohana anavyomfuatilia. Sura ya 3 yuko gizani. Sura ya 7 anasema neno moja la kutetea haki barazani, anakemewa, ananyamaza. Sura ya 19 anakuja mbele za watu na manemane na udi, ratili kama mia, kuuzika mwili wa aliyesulubiwa. Ni kitendo cha mtu aliyekwisha kuamua nini kipotee. Hakuna mstari unaosema hofu yake ilikwisha. Uzima mpya ulimkuta angali nayo, ukamvusha taratibu.

Turudi sasa mlimani petu. Wamisionari walirudi mwaka 1902, wakajenga kituo Nkoaranga, na mwaka 1904 kingine Ilboru. Kilichofuata kinanivutia kuliko kisa cha Akeri, ingawa tunakisimulia kidogo. Watu walianza kuijia imani kwa milango yao wenyewe: shule, matibabu, mtoto aliyejifunza kusoma akamsomea bibi yake. Nusu karne baadaye, Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi igawiwe walowezi. Safari hii hawakushika mikuki. Mwaka 1952 walimtuma mwenzao Kirilo Japhet New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama pale. Ardhi haikurudishwa kwa kikao kile. Lakini wajukuu wa watu wa Akeri walikuwa wamekwisha kuingia kwenye kile kilichotisha, kalamu na kitabu na lugha ya wageni, wakakigeuza kuwa chombo cha kudai haki. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa ufufuo katika historia ya mlima huu, nakiona hapo.

Mfano mwingine unatoka Loliondo, miaka ya 1960. Padri Vincent Donovan, mmisionari Mkatoliki, alifundisha boma moja la Wamasai muda mrefu, kisha akataka kuchagua wa kubatizwa: huyu amehudhuria, yule mvivu, mwingine haelewi. Mzee wa boma alimzuia. Kwa maneno yangu, alimwambia kwamba wavivu wamesaidiwa na wenye bidii na wazito wamebebwa na wepesi, hivyo boma lote limeamini. Wakabatizwa wote. Mzee yule alijua jambo ambalo vyuo vyetu vya theolojia hulifundisha kwa shida: badiliko linalomtisha mtu peke yake huvumilika akiwa na wenzake.

Nasi tuliomo kanisani tusijione tumepona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakristo wa Meru walipotaka dayosisi yao, walipingana kwa jina la Bwana yuleyule hadi mali zikaharibiwa na damu ikamwagika. Mambo madogo nayo yanatupima. Matarumbeta yaliletwa na Wajerumani. Leo jaribu kuyapunguza kwenye ibada uone wazee watakavyokwambia unaua mila. Wakati huohuo vijana wao wanashuka barabara ya njia nne kati ya Tengeru na Sakina kutafuta maturubai yenye spika kubwa. Na kihamba cha babu, lile shamba la ukoo lililokuwa na kahawa na migomba, sasa kina nyumba tatu za kupangisha. Mzee anayegombea tarumbeta pengine analilia kihamba, na hakuna aliyemuuliza.

Nina ombi kwenu mnaohitimu mwaka huu. Mtapangiwa sharika, nanyi mtafika na ari ya kubadili ratiba, kwaya na kamati. Subirini. Jumapili za kwanza, ibada ikiisha, simameni pale nje kwenye mnada wa sadaka, wakati mkungu wa ndizi unanunuliwa na kurudishwa unadiwe tena, mzungumze na wazee wa usharika na vijana wasiokaa vitini. Waulizeni nini wanaogopa kukipoteza, kisha mkiandike kwenye daftari kama walivyokisema. Mahubiri yenu juu ya uzima mpya yaanzie kwenye daftari hilo.